Nyota Mbili Nilizoziondoa

Bi Shadya aliponiuliza kama nimemaliza darasa la saba, nilijibu kwa kichwa. Nilikiinamisha mara moja tu, nikaendelea kuzungusha pindo la mtandio wangu kidoleni. Yeye akachukulia kwamba nimesema ndiyo. Mwaka mzima nilijifariji kwamba sikutamka neno, na kwamba uongo usiotoka mdomoni si uongo kamili.

Ukweli ni kwamba niliishia darasa la tano. Mama alijifungua mapacha, nikaambiwa nibaki nyumbani, kijijini Mtawanya, wiki mbili niwalee, ili yeye na baba waokote korosho. Wiki mbili zikawa msimu mzima. Nilipotaka kurudi nilikuwa nimerefuka kuliko wenzangu wote wa darasani, nikaona haya, sikurudi. Kiswahili nasoma vizuri. Kiingereza nilikuwa nakitazama tu.

Duka la Bi Shadya ni la steshenari, lipo mjini, mtaa wa Likombe. Tunatoa kopi, tunachapa barua, tunapiga picha za pasipoti. Msimu wa korosho mawakala wa forodha hutoka bandarini wakiwa na makaratasi kwapani, wanataka kopi sitasita na wanazitaka jana. Niliajiriwa kufagia na kupanga karatasi. Mashine nilijifunza kwa kumtazama yeye. Mwaka ulipokaribia kwisha nilikuwa nachapa barua za Kiswahili haraka kuliko mwenye duka, na Bi Shadya akaanza kuwaambia wateja, "Muulizeni huyo, ndiye msomi wangu." Kila aliponiita hivyo nilitafuta kitu cha kuokota chini.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Mzee Bwanaheri. Alikuwa karani bandarini miaka ishirini na sita, akiandika mizigo inayopanda na kushuka melini, mpaka presha ya macho ilipomchukua jicho moja, kisha la pili. Mwaka jana alikwenda Dar es Salaam miezi mitatu kujifunza kutumia kompyuta inayosema. Kuna programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, na kila herufi unayobonyeza inakutajia. Alirudi anajisifu kama kijana aliyepata leseni ya gari.

"Sasa Mwaisha, barua zangu nitaandika mwenyewe," aliniambia. "Wewe utabaki kunitolea kwenye karatasi tu. Utakosa umbea."

Alikuwa na sababu. Chama cha wasioona cha pale Likombe kilikuwa kinatafuta katibu. Katibu wao wa zamani alikuwa mtu mwenye macho mazima, na ilikuja kugundulika kwamba alikuwa anawasomea barua zao anavyotaka yeye. Nyingine aliruka mistari, nyingine hakuzisoma kabisa. Wanachama wakaapa kwamba katibu wa sasa atakuwa mmoja wao, anayesoma na kuandika bila kushikwa mkono. Majina yalikuwa mawili, Mzee Bwanaheri na bwana mmoja aitwaye Sudi anayejua maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Jumamosi asubuhi mwenyekiti angekuja dukani kwetu, penye umeme wa uhakika, kumsikiliza Mzee Bwanaheri akifanya kazi kwenye kompyuta yake. Jioni ya siku hiyo hiyo wangepitisha jina.

Kompyuta yenyewe ilikuwa laptop kuukuu aliyoachiwa na binti yake. Ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha chai mpaka iwake. Alhamisi Bi Shadya akamwita mpwa wake Twahiru, ambaye ni fundi, aishughulikie.

"Hii nayo ni mzee mwenzake," Twahiru alisema akiigeuza. "Windows itaiua. Naiwekea Linux."

Mimi nilikuwa pembeni napanga bahasha. Alipenda kuelekeza, na mimi nilipenda kusikiliza maana kusikiliza hakuhitaji cheti. Akasema Linux nayo ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, ila haina sura moja kama ile niliyoizoea. Unachagua kwanza sura ya mbele, mahali pa kubonyezabonyeza, naye amechagua iliyo nyepesi ili mashine isichoke. Kisha juu ya sura ile unaongeza vitu kimoja kimoja: cha kusikiliza muziki, cha picha, cha kuchapia, michezo, chochote.

"Kama kununua kitanda," akasema. "Chandarua na godoro unachagua mwenyewe."

Akaja wakala mmoja kutoka bandarini anataka kopi, nikageuka kumhudumia. Nilikuwa bado nimempa Twahiru mgongo simu yake ilipolia. Mke wake alikuwa amepelekwa hospitali, uchungu umeanza. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Bi Shadya mwenyewe alikuwa amekwenda kununua wino. Twahiru akaniambia akiwa tayari yuko mlangoni:

"Mwaisha! Hapo pana orodha ya programu za ziada. Si lazima zile, ni za hiari. Ukiona kinachomfaa mzee, ongeza. Usipoona, acha. Kisha bonyeza Enter, itamalizia yenyewe. Unasoma, eti?"

Nikainamisha kichwa.

"Haya!" Akaruka kwenye bodaboda.

Wakala alipoondoka nikaenda kukaa mbele ya kioo. Kilikuwa cheusi na maandishi meupe, mistari tisa, na mbele ya kila mstari kibanda kidogo cha mabano. Vibanda saba vilikuwa vitupu. Viwili vilikuwa na nyota. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, na mengine hata hayakuwa Kiingereza, yalikuwa majina tu ya programu zenyewe, herufi nne, herufi tano, kama majina ya mbuzi wa watu.

Nilisoma mstari wa kwanza kwa midomo. Nikausoma tena. Nikajaribu wa tatu. Hapakuwa na hata neno moja nililolikamata.

Ningeweza kumpigia Twahiru. Ningemwambia nini? Kwamba ile ndiyo niliyokupa mlangoni haikuwa ndiyo? Ningeweza kumsubiri Bi Shadya. Yeye angeketi hapa kando yangu, angeona nimekodolea orodha kama ng'ombe, na angejua.

Basi nikafanya nilivyofunzwa kufanya. Kwetu mtoto wa kike akipita nyumba ya watu akawakuta wanakula, ataitwa, "Karibu!" Atajibu, "Starehe." Wataita tena, atasema ameshiba. Wakiita mara ya tatu ndipo atanawa, atamega kwa ncha za vidole, na nyama atawaachia wenyewe. Bibi yangu alinifinya paja mara moja tu kwa kutosubiri karibu ya tatu, na kovu la ukucha bado lipo. Kisicho lazima hukigusi mpaka uombwe sana.

Twahiru amesema si lazima. Vibanda vitupu saba nikaviacha. Zile nyota mbili zikanisumbua. Nilidhani mashine yenyewe ndiyo iliyoziweka, kama mama mwenye nyumba anavyosukuma finyango ya nyama upande wako wa sinia. Nikakumbuka na habari ya mashine kuwa mzee, isilemezwe. Nikashuka mpaka kwenye nyota ya kwanza, nikabonyeza kitufe kirefu cha chini nilichoona Twahiru akikitumia, nyota ikatoka. Nikashuka kwenye ya pili, nayo ikatoka. Nilijisikia mtu mwenye adabu. Nikabonyeza Enter.

Kompyuta haikunikaribisha mara ya pili. Iliendelea na kazi yake, mistari ikapita mbio, na baada ya nusu saa ikatokea picha ya bluu, safi, na saa pembeni. Bi Shadya aliporudi aliipigia makofi.

"Umeimaliza wewe?"

"Ndiyo," nikasema, na hiyo niliitamka.

Jumamosi Mzee Bwanaheri alishushwa na bajaji saa mbili na nusu. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na koti la zamani la kazini juu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, msomi. Nasikia umenitengenezea kompyuta yangu."

"Ni Twahiru, babu."

"Twahiru anasema ulimalizia wewe. Kapata mtoto wa kike, umesikia? Haya, niketishe kwenye kiti."

Nilimketisha. Alipapasa kingo za mashine, akatafuta vitufe viwili vyenye vinundu vidogo, akaweka vidole mahali pake. Nikaiwasha. Akasubiri na kichwa kikiwa kimeinama upande, kama mtu anayesubiri kuitikiwa hodi.

"Imeshawaka?"

"Imewaka, babu."

Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Kimya. Akabonyeza tena. Akaniuliza kama sauti imepandishwa. Nikatazama, ilikuwa juu kabisa. Mpaka hapo sikuwa nimeelewa kitu, naapa.

Kabla hajajaribu mara ya nne wageni wakaingia. Bi Zainabu, mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye fimbo nyeupe na sauti ya kuamrisha. Nyuma yake, mkono begani kwake, Asadi, mwekahazina, mwembamba, naye haoni kabisa, lakini watu wanasema ulimi wake ndio uliobeba macho yote mawili.

"Tumefika," alisema Bi Zainabu. "Tusikilize hicho kifaa."

"Kidogo tu, Mwenyekiti," Mzee Bwanaheri akasema. Akabonyeza. Kimya.

"Inasema kwa siri?" Asadi akauliza.

"Inaamka."

"Hata mimi asubuhi nachelewa kuamka, lakini nikiamka nakohoa."

Bi Shadya akampigia Twahiru, akaweka simu kwenye spika. Twahiru alisikika yuko kwenye korido ya watu wengi. "Haiwezekani," alisema. "Programu ya kusoma na ile ya sauti yake niliziwekea nyota mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla sijaondoka. Zimo. Mwambieni mzee abonyeze vizuri."

Niliyasikia maneno yale nikiwa nimeshika mfuko wa karatasi. Nyota mbili, kwa mkono wake. Masikio yangu yaliziba, kisha yakawa moto, na moto ukashuka shingoni mpaka kifuani. Nilimtazama Mzee Bwanaheri. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta vile vitufe vitatu, polepole sasa, kimoja kimoja, na midomo yake inavitaja.

"Umesikia fundi," Asadi alisema. "Zimo. Basi tatizo liko kwenye kiti."

"Asadi," Bi Zainabu akamkemea.

"Nasema ukweli, Mwenyekiti. Tumemfukuza mtu aliyekuwa anatudanganya kwamba anasoma. Sasa tuchukue anayetudanganya kwamba anaandika? Sudi nukta zake tumezigusa wenyewe."

Mzee Bwanaheri aliondoa mikono kwenye mashine. Akaiweka mikono juu ya mapaja.

"Nisameheni," alisema. "Kule Dar nilikuwa naweza. Labda nimesahau. Vidole vimezeeka, na kichwa nacho." Akacheka kidogo, na lile lilikuwa baya kuliko lote. "Nimewapotezea asubuhi yenu."

Alikuwa anaomba radhi kwa kosa langu, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Sikusema. Nikainamisha kichwa, kana kwamba hilo lingemsaidia mtu yeyote mle ndani.

"Kikao ni saa kumi," Bi Zainabu alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Njoo hata hivyo, Bwanaheri. Wewe ni mwanachama." Wakatoka, mkono wa Asadi begani mwake.

Bi Shadya akaenda nyuma kuswali dhuha yake iliyochelewa. Nilichukua ufagio nikafagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa. Mzee Bwanaheri hakuita bajaji. Aliketi pale pale, akarudisha mikono kwenye vitufe, na nikamsikia anarudia somo lake kwa sauti ya chini, kama mtoto wa madrasa aliyechapwa: "Kidole kidogo hapa. Cha gumba hapa. Na hiki. Pamoja." Kimya. "Kidole kidogo hapa."

"Mwaisha," akaita.

"Abee, babu."

"Wewe una macho na umesoma. Nitazame. Nakosea wapi?"

Nikatikisa kichwa. Akasubiri jibu. Akasubiri sana.

"Umeondoka?"

"Nipo, babu."

"Basi nijibu."

"Hukosei." Nilisikia sauti yangu imekuwa nyembamba kama ya paka. "Ni mimi. Zile nyota za Twahiru niliziondoa. Sikujua kama ni yeye aliyeziweka. Sikuelewa kilichoandikwa, kilikuwa Kiingereza, nikaona haya kuuliza. Nilidhani kwa kuwa si lazima, ni adabu kuviacha."

Alitoa vidole kwenye vitufe. Nilitegemea atasema si kitu, mwanangu, kama wazee wanavyosema. Hakusema hivyo.

"Ulikuwa wapi Asadi alipokuwa ananitukana?"

"Nilikuwa hapa hapa, babu."

"Hapa hapa." Akapiga meza kwa kiganja, kipanya cha kompyuta kikaruka. "Nimeomba radhi mimi! Mbele ya Zainabu! Nimejiita mzee aliyesahau, na wewe uko hapa hapa unashika nini, ufagio?"

"Karatasi, babu."

"Karatasi!"

Bi Shadya akatoka nyuma na mswala mkononi. "Kuna nini?"

"Muulize msomi wako," Mzee Bwanaheri alisema.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama juu mpaka chini.

"Darasa la saba wanafundishwa Kiingereza cha kutosha kusoma orodha," alisema. "Au la saba lako ni la wapi?"

"Niliishia la tano."

Hakunigombeza. Alikunja mswala wake mara nne, akaukunjua, akaukunja tena. "Mwaka mzima nakutangaza kwa watu," alisema, na akaenda kukaa kwenye kiti chake cha mlangoni, amegeukia barabarani ambako malori ya korosho yalikuwa yanapita. Ningependa angenigombeza.

Mzee Bwanaheri akanigeukia. "Saa ngapi?"

"Saa tano na robo, babu."

"Orodha ile inaweza kurudi?"

Tulimpigia Twahiru tena. Nilimwambia mwenyewe. Alisonya, kisha akacheka, kisha akasonya tena. Akasema flashi yake imo kwenye droo, niichomeke, nifungue kidirisha cheusi, na akanitajia cha kuandika, herufi moja moja, huku anamgombeza dereva wa bajaji kuhusu mabegi ya mzazi. "Orodha itakuja. Zilizobaki malizeni wenyewe, natoa mtoto hospitali." Akakata.

Orodha ikaja. Mistari tisa, vibanda tisa, vyote vitupu sasa.

"Nisomee," akasema Mzee Bwanaheri.

"Siwezi, babu. Ndiyo maana..."

"Herufi unazijua?"

"Nazijua."

"Nitajie herufi. Maneno niachie mimi. Nimesoma makaratasi ya meli za kila bendera, hiki hakitanishinda."

Tukaanza. Nilitaja herufi, yeye akaziunganisha hewani kwa kidole, akasema neno, kisha akasema maana yake. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kuchoma CD. "Acha. Sina CD, sina kiberiti." Wa pili ulikuwa wa kuchapisha. "Weka." Wa tatu ni wa kupiga picha kwa kamera. Alifikiri. "Acha. Uso wangu naujua." Wa nne ulikuwa jina geni, lakini mbele yake palikuwa na maelezo mafupi, na nilipofika katikati ya maelezo yale mkono wake ulisimama hewani.

"Ni huo," alisema. "Unasoma kioo. Ndio ulioutoa?"

Nikainamisha kichwa, nikakumbuka, nikasema, "Ndiyo, babu."

"Weka nyota. Endelea, sauti yake nayo itakuwa humo."

Ilikuwa mstari wa saba. Katikati palikuwa na michezo ya karata. "Weka," alisema.

"Babu, karata utazionaje?"

"Programu itanisomea. Au katibu hachezi?"

Hakuwa amenisamehe. Sauti yake ilikuwa bado kavu. Lakini alisema katibu.

Mashine ilipowaka upya akabonyeza vile vitufe vitatu mara moja tu. Ikasema. Sauti ya mwanamume mwenye mafua, Kiswahili cha mgeni aliyeshuka melini asubuhi ile, lakini ilisema. Mzee Bwanaheri alifunika uso kwa mikono yake miwili. Bi Shadya aligeuka kutoka mlangoni.

"Utanibebea mpaka kwenye kikao," aliniambia alipotoa mikono usoni. "Na pale utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Ofisi ya chama ni chumba kimoja nyuma ya duka la saruji. Walikuwa watu kumi na watatu kwenye mabenchi, fimbo zimeegemezwa ukutani. Waya wa laptop ulikuwa mfupi, ikabidi meza isogezwe mpaka kwenye soketi.

"Bwanaheri amerudi na redio yake," Asadi alisema.

"Nasikia hatua za mtu wa pili," alisema Bi Zainabu.

"Ni binti wa duka la Shadya. Ana la kusema."

Nikasimama mbele yao. Nikainamisha kichwa kama mtu anavyosimama mbele ya watu aliowakosea. Nilidhani hiyo ni nusu ya kazi. Feni ikazunguka. Mtu akakohoa.

"Ameshaanza?" Asadi akauliza. "Au leo ni mimi niliyeziba masikio?"

Wakacheka wote. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyeniona. Haya zangu zote, shingo iliyoinama, vidole kwenye mtandio, hazikuwafikia. Mle chumbani nisiposema sikuwepo.

"Kwa mdomo, mwanangu," Bi Zainabu alisema. "Na kwa nguvu. Hapa sisi ni masikio matupu."

Nikasema. Nilisema yote, tangu orodha mpaka nyota, mpaka nilivyonyamaza asubuhi wakati Mzee Bwanaheri anaomba radhi. Nikasema sababu: kwamba niliishia darasa la tano na nilikuwa nimemdanganya Bi Shadya mwaka mzima.

"Bwanaheri," Bi Zainabu akasema, "andika hayo aliyosema. Huo ndio mtihani wako. Ukimaliza kifaa kitusomee."

Vidole vyake havikukosea hata mara moja. Kila herufi mashine iliitaja, na chumba kizima kilikuwa kimeinamia upande wa ile sauti ya mafua. Kisha akaiamuru isome.

"Mwaisha wa duka la steshenari amekiri kwamba siku ya Alhamisi aliondoa programu ya kusoma kwa kutoelewa Kiingereza. Amekiri kwamba asubuhi ya leo alinyamaza. Ameomba radhi."

Mabenchi yakanung'unika kwa kuridhika. Mtu akapiga makofi mawili.

"Ngojeni," Asadi alisema. Hakuwa anatania sasa. "Kuna alichosema binti ambacho sijakisikia hapo. Darasa la tano. Liko wapi?"

Mzee Bwanaheri akajikohoza. "Hilo si la kikao. Ni la kwake. Nimemwachia."

"Umeruka."

"Nimemsitiri mtoto, Asadi."

"Na yule wa kwanza alikuwa anatusitiri pia! Kila alichoruka alisema ni kwa faida yetu. Mwenyekiti, huyu hajapewa kiti na ameshaanza kutuchagulia cha kusikia."

Chumba kikageuka. Nilikisikia kinageuka, benchi kwa benchi. Bi Zainabu hakumkemea Asadi safari hii. Mzee Bwanaheri alikuwa amekaa na mikono juu ya vitufe, mdomo wazi kidogo, vilevile kama asubuhi, na mara ya pili kwa siku moja alikuwa anakipoteza kitu kwa sababu yangu.

Sikuitwa. Hakuna aliyenikaribisha, hata mara moja.

"Andika, babu," nikasema. "Andika niliishia darasa la tano. Nilisema mwenyewe."

"Una hakika?"

"Ndiyo. Na uandike nilimdanganya Bi Shadya mwaka mzima. Hilo nalo nililisema."

Akaandika. Mashine ikataja herufi zote, na kila moja nilihisi inanigusa usoni. Kisha ikasoma tangu mwanzo, kwa ile sauti yake isiyo na huruma wala kejeli, na ilipofika kwenye darasa la tano haikushusha sauti wala kuipandisha.

"Huku nyuma hatukusikia vizuri," mama mmoja alisema. "Irudie."

Ikarudia.

"Hakuna kilichorukwa," Asadi akasema. "Mimi sina la kuongeza." Kwa mtu kama yeye nadhani hiyo ilikuwa kura. Walinyanyua mikono, kila mmoja akitaja jina lake ili ahesabike, na tisa walikuwa wa Mzee Bwanaheri.

Njiani kurudi hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Nilipomfikisha kwake alipokea laptop, akaishika kifuani.

"Jumatatu barua za chama zitakuja kwako kuchapwa," alisema. "Soma unachochapa. Kikikushinda, nitajie herufi."

Bi Shadya alikuwa ameshaanza kufunga duka. Tuliingiza mashine ya kopi ndani kwa pamoja, yeye upande huu mimi upande ule. Tangu siku ile hajaniita msomi. Ananiita Mwaisha tu. Mteja akileta karatasi ya Kiingereza akaniuliza kama naielewa, nasema hapana, kwa mdomo, na bado masikio yanawaka kila mara ninapoisema.